Orodha ya Saa Sita

Jumatatu asubuhi Mama Masjala aliitwa ofisini kwa Mkuu wa chuo cha uuguzi akaonyeshwa barua mbili. Zote zilikuwa na jina lake, na zote hazikuwa na sahihi. Ya kwanza ilimfanya msimamizi wa tovuti ya chuo, cheo ambacho hakikuwahi kuwepo. Ya pili ilimshukuru kwa miaka kumi na minane ya kutunza mafaili na kumtakia maisha mema huko aendako. Mkuu, mtu asiyependa maneno mengi, akasema masjala inafungwa, karatasi zimekwisha zamani zake. Orodha ya wanafunzi wapya ikitoka kwenye tovuti Ijumaa saa sita kamili mchana, jina kwa jina kama kamati ya udahili ilivyopitisha, atatia sahihi barua ya kwanza. Isipotoka, au ikitoka na kasoro, atatia ya pili.

Masharti yale yalikuwa na sababu. Mwaka uliopita chuo kizima kilikuwa na neno la siri moja, limebandikwa chini ya kibodi ya karani wa udahili, na kila aliyepita pale aliingia kwenye tovuti akaandika alichojisikia. Siku moja rasimu ya orodha ikajikuta hadharani. Wazazi wakaja na masanduku na magodoro, mabinti wamesuka nywele vizuri, wakageuzwa getini. Ilipoulizwa nani aliyebonyeza, kila mmoja alimtazama mwenzake, na mwishowe macho yote yakatua kwa Mama Masjala. Karatasi ikipotea alilaumiwa yeye. Sasa hata kisichokuwa karatasi alilaumiwa yeye. Mama wa watu alinyamaza, akaendelea kupanga mafaili yake.

Sasa chuo kilikuwa kimenunua mfumo mpya wa kuendesha tovuti, na mtaalamu wa kampuni iliyouuza amekuja kwa siku mbili tu. Atakayebaki nao ni Mama Masjala. Alitoka ofisini kwa Mkuu barua mbili zikiwa kichwani. Kompyuta aliijua ya kuchapia barua, basi. Huo mfumo alikuwa hata hajauona sura.

*

Mtaalamu alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye kipara kinachong'aa, na alifundisha kama mtu aliyekwisha kukata tamaa na wanafunzi wake. Alichora visanduku vinne kwenye karatasi. Hapa mtu anaandika rasimu, hapa mwingine anahakiki, hapa mwingine anaidhinisha, hapa wa mwisho anachapisha. Kila mtu anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, na anaona kile tu alichoruhusiwa kuona. Akamuuliza kama amemwelewa, huku akijiandaa kurudia.

Mama Masjala aliitazama ile karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akaanza kucheka.

"Bwana Mtaalamu," alisema, "hii si ndiyo masjala yangu?"

Mtaalamu hakuelewa. Basi mama akamshika mkono, akampeleka kwenye chumba chake chenye harufu ya vumbi na gundi, akamvutia faili moja kutoka rafuni. Akamwonyesha dokezo la karani, chini yake maoni ya mratibu, chini yake idhini ya Mkuu, na kwenye rejesta tarehe na saa ambayo faili lilitoka meza hii kwenda meza ile, na sahihi ya aliyelipokea. Hakuna faili lililoruka meza. Hakuna aliyejiandikia akajiidhinishia. Na faili la siri lilikuwa na ukurasa mwekundu, asiyehusika halifungui hata awe na cheo gani. Mtaalamu alifunua kurasa, akakuna kipara.

"Mama," alisema, "nimefundisha vyuo kumi na moja. Leo ndiyo mara ya kwanza nafundishwa."

Kuanzia hapo walifanya kazi kama wanaofukuzwa. Jamani, yule mama alikuwa na raha. Miaka yote ile watu walikuwa wakimpita kama nguzo ya umeme, na leo kila alichokijua kilikuwa na mahali pa kukaa. Karani wa udahili akapewa haki ya kuandika rasimu. Mratibu wa masomo, mama mmoja mkali asiyepitwa na nukta, akapewa uhakiki. Mkuu akapewa idhini. Yeye mwenyewe akajipa kuchapisha tu, na pale penye kuruhusu msimamizi aone rasimu za udahili, akaondoa alama. Mtaalamu alishangaa, akamwambia msimamizi huwa anaona kila kitu.

"Mwanangu ameomba nafasi hapa," alisema Mama Masjala. "Bora nisione mpaka watu wamemaliza."

Akaomba na kitu kingine. Kwenye masjala, ukurasa ukiguswa baada ya Mkuu kutia sahihi, sahihi zote zinakufa na faili linarudi meza ya kwanza. Alitaka na mfumo ufanye hivyo. Mtaalamu alimwonya kwamba itawachelewesha. Mtu akisahihisha herufi moja, kazi nzima inaanza upya. Mama akasema ianze. Mtaalamu akainua mabega, akaweka.

Kosa lake Mama Masjala alilifanya Jumanne jioni, na alilifanya kwa heshima zake. Mkuu Msaidizi alipita kutazama, akatafuta jina lake kwenye ile njia, asilione. Huyu alikuwa bwana mcheshi, mpenda watu, mwenye kusalimia mpaka mfagizi, ila kwa kuachwa nje alikuwa mwepesi kuumia. Akauliza kwa upole kama yeye chuoni pale ni mgeni. Akauliza itakuwaje makarani wawe na haki kwenye tovuti na yeye akae mikono mitupu, watu watamwonaje. Mama Masjala aliona aibu. Mtu mzima, na mkubwa wake, amesimama mbele yake anaomba. Akampa haki ya kuhariri orodha, ili walau arekebishe majina yaliyokosewa herufi. Msaidizi akamshukuru kwa mikono miwili. Mtaalamu akafungua mdomo kusema kitu, kisha akaona haya kuingilia wakubwa, akaufunga.

*

Nyumbani mumewe alikuwa kinyozi, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa hiyo hakuna lililopikwa jikoni ambalo wateja hawakusikia harufu yake, wala lililosemwa na wateja ambalo jikoni halikufika. Kinyozi alikuwa na domo. Mwenyewe alijua, na alijivunia. Tangu Jumatatu alikuwa amekwisha kuwaeleza nusu ya mtaa kwamba mke wake ndiye anayejenga tovuti ya chuo kwa mikono yake miwili.

Ile barua ya pili hakuisema kwa mtu. Hiyo waliijua wao watatu tu, yeye, mkewe na binti yao, na ilikuwa ikiwanyima usingizi. Kiti cha kinyozi kilikuwa kimoja, na nywele za watu haziongezeki kwa kuwa mama wa nyumba amefukuzwa kazi.

Jumatano jioni Mama Masjala alirudi akiongea tangu mlangoni. Hata viatu hakuvua. Alimweleza binti jinsi alivyowaita karani, mratibu na Mkuu wakajaribu kwa orodha ya uongo, majina ya wanasesere, na jinsi ilivyotembea kutoka meza hadi meza bila mtu kunyanyuka kitini. Karani alipojaribu kuichapisha mwenyewe mfumo ulimkatalia kwa maandishi mekundu. Mratibu mkali alicheka kwa sauti, jambo ambalo hakuna mtu pale chuoni aliyekumbuka kuliona. Binti, msichana wa miaka ishirini aliyeomba nafasi kwa mara ya pili, alisikiliza mpaka mwisho. Mwaka wa kwanza alikosa. Mwaka huu alikuwa amefanya usaili vizuri, au alidhani hivyo, na tangu siku ile alikuwa anaruka kila simu ikilia.

"Mama," alisema, "sasa si unaweza kuchungulia tu? Kidogo. Uniambie nipo au sipo, nipumzike."

"Siwezi."

"Hutaki."

"Siwezi, mwanangu. Nimejifungia mwenyewe mlango, na ufunguo sina."

Kinyozi akadakia kwamba katika mafundi wote duniani, mkewe ndiye fundi wa kwanza kujenga nyumba akajiacha nje. Wakacheka wote watatu, hata binti, ingawa macho yake hayakuwa na kicheko.

*

Alhamisi saa tisa alasiri ujumbe uliingia kwenye kompyuta ya Mama Masjala: orodha ya wanafunzi wapya imeidhinishwa, iko tayari kuchapishwa. Alisimama. Akakaa. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana aliyepata posa. Karani aliandika, mratibu alihakiki, Mkuu akaidhinisha, na hakuna aliyebisha hodi mlangoni kwa mwenzake. Mfumo wake ulitembea.

Sasa aliweza kuifungua. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini alijijua; akiliona jina la mwanawe, atafika nyumbani uso unang'aa, na asipoliona, vilevile uso utasema. Watoto wa wenzake wanasubiri mpaka saa sita ya kesho, wake naye asubiri. Akazima kompyuta, akaenda zake kabla mkono haujabadili mawazo.

Ijumaa saa tano asubuhi Mkuu, mratibu na karani walikuja masjala kushuhudia. Nje ya geti watu walikuwa wamejaa tangu alfajiri, wengine wametoka mbali, kila mmoja na simu mkononi. Mama Masjala alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Akaingiza jina lake, akaingiza neno lake la siri, akafungua kapu la vitu vya kuchapisha.

Kapu lilikuwa tupu.

Alifunga, akafungua tena. Tupu. Mratibu akasogea, akatazama, akarudi nyuma. Karani akatamka kwa sauti ndogo kwamba mambo ya mashine ndivyo yalivyo. Mkuu alitazama saa yake tu, na kule kutazama saa kulimuuma Mama Masjala kuliko tusi. Akajiona anabeba kikombe chake na kanga yake kwenye mfuko wa plastiki, anapita getini katikati ya watu wote wale.

Halafu kichwa chake cha masjala kikafanya kazi. Faili halipotei. Faili liko kwenye meza fulani. Uliza rejesta.

Akafungua historia ya orodha, ambayo tangu idhini ya jana mchapishaji aliruhusiwa kuiona. Ilikuwa pale yote, mstari kwa mstari, na saa zake. Orodha haikupotea, ilikuwa imerudi meza ya kwanza, kwa karani, kwa sababu iliguswa baada ya idhini. Saa kumi na dakika kumi, jana. Aliyehariri: Mkuu Msaidizi. Namba sitini na moja, jina moja limetolewa, jina moja limeingizwa. Akabonyeza aone majina hayo. Lililotolewa hakulijua, binti fulani mwenye anwani ya shule ya mbali huko. Lililoingizwa alilijua sana, maana yeye na Kinyozi ndio waliolichagua.

Jambo la kwanza alilolisikia moyoni, tusimsingizie utakatifu, lilikuwa furaha. Furaha tupu, ya sekunde nzima. Mwanangu yupo.

Msaidizi aliitwa. Alikuja akitabasamu, akaona nyuso, tabasamu likapungua. Hakukana. Alisema binti yule alikosa kwa alama moja tu, na mama yake amefanya kazi ya watu sita ndani ya siku tano, na chuo hakijampa hata ahsante. Alidhani anafanya wema. Kwa kweli alikuwa amedhani hivyo; alikuwa mtu wa namna hiyo, mkarimu kwa vitu vya wenzake. Na hakujua kwamba kugusa kule kungeirudisha orodha mwanzo.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi na tano. Mratibu akasema wote wapo, waidhinishe tena upesi, dakika tano zinatosha. Karani akakimbilia mezani kwake.

"Mkuu," alisema Mama Masjala, "hilo jina lililoingizwa ni la mwanangu."

Mkuu alimtazama. Akatazama kioo cha kompyuta, akatazama dirishani kule kwenye geti. "Basi si vizuri?" alisema taratibu. "Sisi tunasaini. Nani amelalamika?"

Hakuna aliyelalamika. Aliyekuwa na haki ya kulalamika alikuwa getini na simu yake, au yuko njiani, na hajui kama kuna cha kulalamikia. Mama Masjala aliwatazama mmoja mmoja, akaona kwamba hakuna atakayemlaumu. Kilichotakiwa kwake kilikuwa kunyamaza, na kunyamaza alikuwa na uzoefu nako wa miaka kumi na minane.

"Vizuri ingekuwa angekuwemo kwenye ile ya kamati," alisema. "Ulisema jina kwa jina, Mkuu. Mimi nairudisha ile."

Akabonyeza. Mfumo ulimruhusu mchapishaji kurejesha tu kilichokwisha kuidhinishwa, ukamuuliza kama ana hakika kurejesha toleo la awali. Akabonyeza tena, na namba sitini na moja ikabadilika mbele ya macho yake, herufi za jina la mwanawe zikafutika na za mtu mwingine zikakaa. Alitaka kulia lakini muda haukuwepo. Akampigia kelele karani chumba cha pili atume upya. Karani akatuma. Mratibu alitoka mbio, mama mzima, viatu mkononi, akaketi mezani kwake akapitia majina themanini akiyasoma kwa mdomo, wote wakimsikia kupitia ukuta, na alipofika la themanini akabonyeza. Saa sita kasoro dakika nne. Mkuu alikuwa bado amesimama. Kisha akaenda ofisini kwake, bila kukimbia lakini karibu.

Kapu likajaa. Orodha ya wanafunzi wapya, tayari kuchapishwa.

Msaidizi alikuwa amebaki mlangoni, akimtazama yeye na saa ya ukutani. Mama Masjala alisubiri mshale ufike juu, maana saa sita kamili ni saa sita kamili. Ulipofika akabonyeza. Sekunde moja, mbili, na kule nje kelele zikalipuka, vifijo, vilio, watu wanakumbatiana, mtu mmoja anapiga magoti kwenye vumbi. Alikwenda dirishani. Magodoro hayakuwepo, masanduku hayakuwepo, walikuwepo watu na habari ya kweli mikononi mwao. Akajikuta anapiga makofi peke yake kama mtoto.

Mkuu alirudi na barua moja tu, wino haujakauka. Akampa mkono. Kazi ya kwanza ya msimamizi wa tovuti, siku ile ile kabla ya saa nane, ilikuwa kumwondolea Mkuu Msaidizi haki ya kuhariri. Alimwambia usoni kwanza, kwa adabu, na akamwomba radhi kwa kumpa kitu asichokihitaji. Msaidizi aliinamisha kichwa, akasema amestahili. Akataka kuongeza neno jingine kuhusu jana yake jioni, lakini simu ya mama ikalia, naye akaenda zake.

*

Saa kumi alasiri alikata kona ya mtaa wao akitembea upesi, karibu aruke, maneno yamemjaa kinywani. Akasikia vigelegele. Vilikuwa vinatoka nyumbani kwake. Saluni ilikuwa imejaa, sebule imejaa, wifi yake alikuwa anacheza katikati ya viti, na Kinyozi, aproni ya kazi bado shingoni, alipomwona mkewe akanyanyua mikono juu na kutangaza kwamba mficha habari amefika. Msaidizi alikuja kunyoa jana jioni, alisema, akamnong'oneza kitini kwamba jina la binti limo. Na yeye, Kinyozi, amekaa na siri usiku mzima, watu wamwandike kwenye vitabu, mpaka mkewe alipotoka asubuhi ndipo alipowaambia majirani kwamba binti yao ni muuguzi.

Mama Masjala alisimama mlangoni. Alimtafuta binti kwa macho, akamwona anapita katikati ya watu na sinia la glasi, anatabasamu, anawaambia karibuni, karibuni. Binti akaingia jikoni. Mama akamfuata, akafunga mlango.

"Mwanangu, lile jina..."

"Halipo," alisema binti. "Saa sita na dakika moja nilifungua simu. Nimesoma kutoka juu, nimesoma kutoka chini."

"Na tangu saa sita unawapa watu vinywaji?"

"Walikuwa wamekwisha kuja. Baba anafurahi, shangazi anacheza. Nikaona nikisema, wote watakungoja wewe mlangoni wakuulize. Nikasema acha kwanza ufike."

Mama aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, gauni lake zuri na yote. Akamweleza, kwa maneno machache, ya saa kumi na dakika kumi na ya namba sitini na moja. Alisema amelitoa yeye, kwa kidole chake hiki, na hakuna aliyemlazimisha. Binti aliweka sinia chini polepole ili glasi zisigongane.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Baba anasema nipo, tovuti inasema sipo. Pale chuoni namjua mtu mmoja tu wa kufanya hivyo." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuchukia mpaka saa nane hivi. Huyo mwingine, ameingia?"

"Ameingia."

"Na kazi?"

Mama Masjala akaitikia kwa kichwa, mara mbili, tatu. Binti akavuta pumzi, akainua uso juu, akapiga kigelegele kirefu, kikali, cha kutoka tumboni, machozi yakimwingia mdomoni. Kule sebuleni wakakidaka wote, wakakijibu kwa vigelegele kumi, wasijue ni cha nani. Binti akamfuta mama yake uso kwa kiganja, akamshika mkono, wakatoka kwenda kuwaambia.